Mmoja Hadi Wanne

Gazeti lilitangaza, ndani ya kisanduku chenye mstari mzito, kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu, na kwamba kila mtu amehesabiwa. Tamko hilo lilitiwa saini na mhariri mkuu mwenyewe, ambaye si kawaida yake kutia saini kitu kisicho ombi la likizo. Chini yake zilifuata ahadi za chumba cha habari kwa umma: hatutamtaja aliyeomba asitajwe, hatutakisia pale tusipojua, hatutaweka alama kwenye ramani ikiwa alama hiyo inaweza kumwongoza mtu mbaya hadi mlangoni kwa mtu mwema. Ni ahadi nzuri. Zilichapwa kwa wino mzuri, upande wa kushoto wa tangazo la magodoro.

Juu ya ahadi hizo palikuwa na ramani ya nchi nzima, kata kwa kata, ikionyesha walikotoka watu waliokwenda kufanya kazi ng'ambo kisha simu zao zikanyamaza. Kata zenye wengi zilikolezwa rangi ya damu ya mzee. Zenye idadi ya wastani zilikuwa za waridi. Zilizobaki, nazo zilikuwa nyingi, zilikuwa za kijivu, na pembeni pakaelezwa kwamba kijivu maana yake ni hakuna.

Katika mojawapo ya kata za kijivu aliishi dobi ambaye binti yake alikuwa hajapiga simu kwa muda ambao mama huyo hakupenda kuutaja kwa miezi. Miezi huhesabika.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na waya kutoka ukuta hadi ukuta ambako nguo zilining'inia kama watu waliopanga foleni wakasahau vichwa nyumbani. Kila mteja alikuwa na namba. Dobi aliishona kwa uzi ndani ya kola au kwenye pindo, mahali pasipoonekana. Majina hakuandika. Ukimuuliza, angekuambia kwamba majina hufanana na wino huchuja. Sababu yenyewe aliwahi kumpa msusi wa duka la pili, siku ambayo umeme ulikatika na wote wawili hawakuwa na la kufanya.

"Shati la mume wa mtu likiletwa na mke wa mtu mwingine," alisema, "mimi sitaki kuwa nimeandika."

Namba zilimtosha. Kwa namba alijua nani kanenepa, nani kapata kazi mpya na kuanza kuleta tai, na nani ameanza kulala peke yake, kwa kuwa foronya zimepungua. Vilivyosahauliwa mifukoni alivitia kwenye bahasha, akaibana kwa pini kwenye nguo, na wakati wa kumkabidhi mwenyewe uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyejua kusoma. Haiwezi kusemwa basi kwamba alikuwa mwanamke asiyeelewa maana ya siri. Katika mtaa ule, pengine ndiye pekee aliyeishi kwayo.

Binti alikuwa mwanawe wa pekee, na alikulia chini ya meza ile ya pasi, akicheza na vifungo vilivyokatika. Alipokua aliondoka na sanduku moja na mkataba wa kuwatunza wazee katika nyumba ya ghorofa, katika nchi ambayo mama yake aliijua kwa jina na kwa tofauti ya saa. Alipelekwa na wakala mwenye ofisi nyuma ya soko. Mwanzoni alipiga simu kila siku ya mapumziko. Baadaye alituma ujumbe wa sauti wa kunong'ona, kwa sababu mwenye nyumba hakupenda kumsikia akiongea lugha asiyoielewa. Ujumbe wa mwisho ulikuwa huu:

"Mama, shikamoo. Hivi nta ya mshumaa ikimwagikia kitambaa cheupe cha meza, inatokaje? Usicheke. Nijibu upesi, mwenyewe bado hajaliona doa."

Dobi alicheka, kisha akajibu. Gandisha kwa barafu, kwangua kwa mgongo wa kisu, tandika karatasi ya kunyonya juu na chini, pitisha pasi ya moto mdogo. Usisugue. Hata mkono ukikuwasha kusugua, mwanangu, usisugue. Ulikuwa ujumbe mrefu, wenye mapenzi ya watu wasiojua kuyasema mapenzi ila kwa maelekezo. Pembeni yake pakatokea tiki moja. Tiki moja, kama kila mwenye simu ajuavyo, maana yake maneno yako yametoka kwako na hayajafika kwake.

Kila asubuhi, kabla ya kuchomeka pasi, aliutazama ujumbe ule. Hatuwezi kusema alitarajia kitu. Kutarajia ni kazi, naye kazi alikuwa nayo tayari. Aliutazama kama mtu anayerudi jikoni kuangalia jiko analojua amelizima.

Kwa hiyo kijana wa gazeti alipopita akiuliza habari za waliopotea, Dobi alimkaribisha. Kijana huyo alikuwa wa dawati la takwimu, na wenzake walimwita Asilimia, kwa kuwa neno "wengi" lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Alikuwa mwadilifu kiasi cha kuchosha. Alishika kishikwambi kwa mikono miwili na kumsomea ridhaa neno kwa neno.

"Mama, taarifa zako zitatumika kwa jumla tu. Jina lako halitatoka, la binti halitatoka, wala kitu chochote cha kumfanya mtu akujue. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, mwanangu. Sogea kidogo, hapo kuna mvuke."

Hivyo ndivyo ridhaa zinavyotolewa dunia nzima.

Ramani ilipotoka, msusi aliibandika ukutani mwa saluni kwa vibanio vya nywele na kuita kwa sauti iliyopenya kuta mbili.

"Shoga, njoo uone! Hii si ndiyo ile kazi ya yule mtoto wa kishikwambi?"

Dobi aliingia akiwa bado na pini mdomoni. Aliitafuta kata yake. Ni ndogo, ina umbo la kiatu kilichokanyagwa kisigino.

"Mbona kijivu?"

"Kijivu ni hakuna," alijibu mteja aliyekuwa anasukwa, ambaye hakuweza kugeuza shingo lakini alikuwa ameshasoma.

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyepotea."

Msusi aliacha vidole ndani ya nywele za watu. Alikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo huumiza kuliko zote, maana huna namna ya kuitukana.

"Si habari nzuri hiyo, shoga? Labda gazeti lina watu wake huko. Labda wamemwona. Binti kaolewa tu, anaona haya kusema. Siku moja utashtukia unaletewa mjukuu hapo mlangoni."

"Na huyo mjukuu naye atakuwa wa kijivu?" aliuliza Dobi, akatoka.

Baada ya hapo mambo mawili yalifuata. Wakala aliibandika ramani ileile kwenye dirisha la ofisi yake, akaizungushia kata duara jekundu na kuandika chini: KATA YETU SALAMA. Na afisa wa kata, aliyekuwa ameahidi kuliingiza jina la binti kwenye taarifa ya kwenda wizarani, ili wizara nayo iulize kwa wenzao wa ng'ambo, alianza kujikuna nyuma ya sikio.

"Mama, mimi nitaandika nini? Gazeti zima la taifa limesema hakuna. Nikiandika yupo, nitaulizwa nimemtoa wapi."

"Umemtoa kwangu. Nilimzaa."

"Najua, mama yangu, nani anabisha? Lakini wewe si chanzo."

Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, na husemwa hasa wakati wa kugawana chakula. Dobi alikuwa amelitumia neno hilo mara nyingi, akicheka, mkono ukiwa ndani ya sahani ya aliyechelewa. Hakuwa amejua kwamba linaweza kuchapwa kwa rangi. Taarifa ya kata ilikuwa inaondoka karibuni. Ikiondoka bila binti, hakuna ofisi yoyote, huku wala kule, itakayokuwa na sababu ya kumuuliza mtu yeyote amempeleka wapi.

Alifunga duka, jambo ambalo lilimfanya msusi atoke nje kuangalia kama kuna msiba, akaenda kwenye gazeti.

Mlinzi wa mapokezi alimuuliza kama ana miadi. Alijibu kwamba ana kata. Mlinzi, baada ya kutafakari, alipiga simu juu, na Asilimia akashuka ngazi mbili mbili.

Chumba cha habari kilikuwa kikubwa, kimejaa vioo vya kompyuta vinavyong'aa na vikombe visivyooshwa. Watu waliongea bila kutazamana. Dobi alikuwa hajawahi kuona mashati mengi yasiyonyooshwa kwa wakati mmoja, lakini alivumilia, hakujia hilo. Asilimia alimpa kiti chake, yeye akabaki amesimama.

"Mama, umo," alisema alipokwisha kusikiliza. "Sikukuacha. Kwenye jumla umo."

"Jumla inakaa wapi?"

"Juu kabisa. Kwenye kichwa cha habari."

"Kule hakuna kata."

"Ndiyo, mama. Jumla haina kata."

Akamweleza utaratibu. Kata ikiwa na watu chini ya watano, idadi haionyeshwi. Ukionyesha kwamba ni mmoja, kila mtu wa hapo atajua ni nani, na akijua ni nani atajua nyumba gani ilisema. Si uvivu wala dharau. Sehemu nyingi duniani hufanya hivyo, na wapo watu waliodhurika pale ilipokuwa haifanywi.

"Tulikuwa tunakulinda, mama."

"Na nani?"

"Na wakala, kwa mfano."

"Yule? Yule nilimtukana sokoni, mbele ya watu, mpaka muuza nyanya akaniomba nipunguze sauti, namfukuzia wateja. Wakala anajua nimesema, mwanangu. Asiyejua ni gazeti."

Mtu wa meza ya jirani alikohoa ili asicheke. Asilimia hakucheka. "Sio wewe peke yako," alisema polepole. "Kuna mama mwingine mahali pengine, yeye hajamtukana mtu. Anaogopa. Utaratibu ukianza kumtazama mtu mmoja mmoja, huyu mkali umfungulie, yule mpole umfiche, basi hata wa kumficha watamjua. Watasema huyu aliyefichwa ndiye anayeogopa."

Alisema kweli, na Dobi aliliona hilo. Ilikuwa kama kuambiwa na daktari kwamba dawa chungu ndiyo inayofaa: unakubali, na kinywa hakibadiliki ladha.

"Sawa," alisema. "Nifiche. Lakini kunificha na kusema sipo, ni kitu kimoja?"

Hapo ndipo Asilimia alipoinama kuitazama ramani yake iliyochapwa, kwa mara ya kwanza kama msomaji. Alikaa nayo kitambo. Kisha akamwita mchoraji wa michoro, na ukweli ukatoka, nao ulikuwa mdogo, kama kweli nyingi za ofisini. Kwenye rasimu kulikuwa na rangi tatu tofauti: moja ya kata ambazo hazikuwa na mtu aliyepotea, moja ya kata zenye wachache waliofichwa, na moja ya kata ambazo hakuna mwandishi aliyefika. Jioni ya kuchapa, tangazo la magodoro lilipanuka. Nafasi ya maelezo ikapungua. Mchoraji, ambaye alikuwa na mke mjamzito na basi la kuwahi, aliziunganisha rangi tatu kuwa moja. Wasiokuwepo, waliofichwa na wasioulizwa wakalala pamoja, juu ya godoro moja.

"Nilidhani yote ni kutokuwa na kitu cha kuonyesha," mchoraji alisema.

Mhariri mkuu alifika kuona mama gani huyu anayeongea na idara mbili kwa mpigo. Alikuwa mtu wa adabu, na pia mtu wa magazeti.

"Mama yangu, pole sana. Tutalirekebisha. Lakini kwa nini tuishie kwenye rangi? Tukupe ukurasa mzima. Picha yako dukani, picha ya binti, jina lake, hadithi yote. Nchi nzima itamjua."

Dobi alishika ukingo wa meza. Nchi nzima. Aliiona picha atakayoitoa: ile ya binti akicheka huku anajaribu kutocheka, nywele hazijakamilika kusukwa.

"Hatuwezi," alisema Asilimia.

"Unasemaje?" aliuliza mhariri.

"Mama anaweza kuridhia kwa upande wake, mzee. Kwa upande wa binti hawezi. Ni mtu mzima, mambo ni yake, na yeye hajaridhia. Tumeandika wenyewe, ukurasa wa kwanza, na saini yako ipo."

"Angekuwepo wa kuridhia," alisema Dobi, na sauti yake ikawa ndogo ghafla, "ningekuja hapa kufanya nini?"

Simu ililia mahali fulani na hakuna aliyeipokea. Asilimia alichuchumaa ili macho yao yalingane, jambo ambalo hakulisoma katika mwongozo wowote.

"Na kama amejificha, mama? Siyo kapotea. Kajificha. Kama kuna mtu huko anamtafuta, mwenye ile nyumba labda, na mtu huyo naye anasoma magazeti kwenye simu, kama sisi?"

Dobi alikuwa ameshamfikiria binti yake katika kila hali ambayo mzazi huifikiria pasi inapopita na kurudi: mgonjwa, kifungoni, amelala mahali ambapo hapatajwi. Hakuwahi kumfikiria amejificha. Aliyejificha anapumua. Aliyejificha ana mlango, na amekaa nyuma yake akisikiliza. Tumaini lile lilimwingia vibaya, kama sindano iliyosahauliwa ndani ya nguo.

"Picha sitaki," alisema mwishowe. "Nipeni rangi tu."

"Rangi gani, mama?" aliuliza mchoraji, kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba msamaha kwa kutumia fani yake.

"Isiwe nyeupe. Weka manjano ile ya shuka jeupe lililokaa kabatini muda mrefu likimsubiri mgeni."

Mchoraji alihangaika kidogo kwenye kompyuta, akaipata. Maelezo yake yangesomeka: mmoja hadi wanne. Dobi aliitazama kata yake ikigeuka kwenye kioo. Muda wote huu hakuwa ametaka zaidi ya hapo, mahali pa kuelekeza kidole. Alinyanyuka, na akiwa mlangoni akageuka.

"Na kwetu sisi, tuko wangapi?"

"Mmoja hadi wanne," alisema Asilimia.

"Nimekuuliza wewe. Ramani nimeshaiuliza."

"Siwezi, mama."

"Niko peke yangu?"

Uso wa Asilimia ukawa uso wa mtu asiyejua kusoma. Dobi aliutambua mara moja, kwa kuwa ulikuwa wake, akaacha kuuliza.

Marekebisho yalitoka ukurasa wa pili, chini ya utabiri wa hali ya hewa. Ramani mpya ilifuata. Wakala aliibandua ya kwake dirishani na kuweka kalenda. Afisa wa kata alifurahi kwa dhati. Sasa alikuwa na chanzo. Serikali hupenda namba kamili, na kati ya mmoja na wanne aliona nne ina heshima zaidi, kwa hiyo akaandika wanne. Jina alilokuwa nalo lilikuwa moja, akaliweka la kwanza, na taarifa ikaondoka.

Msusi alilipokea jambo hilo kwa namna yake. "Sasa shoga, hao watatu wengine ni wa akina nani? Na wanatusalimia kila siku!"

Ulikuwa utani, lakini Dobi alikwenda nao dukani. Watatu wengine. Gazeti halikusema wapo. Lilisema tu huenda wapo. Hata hivyo mtu aliyekaa peke yake kwa muda mrefu huisikia "huenda" kama hodi. Akaanza kuwatazama wateja wake upya. Sabini na nne, aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa mno. Thelathini, aliyekuwa akitazama simu kila ilipowaka, hata isiyo yake. Aliwatamani hao watatu. Alitamani hata mmoja, mtu wa kukaa naye bila kuambiwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtu asiyehitaji kukumbushwa methali.

Aliyekuja alikuwa namba kumi na moja. Huyo alikuwa fundi lifti mstaafu, mzee mkimya mwenye mazoea ya kutazama juu kabla ya kuingia popote. Kwa miaka alileta suruali zake mbili, magauni ya mkewe, na shati moja la bluu la kijana. Shati hilo lilikuja safi na kurudi safi. Dobi alilifua na kulinyoosha bila neno. Dobi haulizi kwa nini nguo ni chafu, sembuse kwa nini ni safi.

Safari hii aliuliza, kwa kupita kando.

"Fundi, hili shati halina uchafu."

"Lina vumbi."

"Vumbi la wapi?"

"La kabatini."

Aliligeuza, akalinyoosha kola kwa kidole. "Kijana ana mabega membamba."

"Alikuwa hivyo. Huko aliko nasikia wanakula vizuri. Labda yamepanuka."

"Anapiga simu?"

Fundi aliutazama waya wa nguo mwanzo hadi mwisho, kama anayekagua kama utabeba. "Mtandao wa huko ni mbaya," alisema.

"Wa kwangu nao ni mbaya."

Nje, msusi alikuwa anagombana na mtu juu ya ndoo.

"Tiki ngapi?" aliuliza Fundi.

"Moja."

"Na mimi moja."

Dobi alivuta kigoda kwa mguu, Fundi akakaa. Baada ya muda Dobi aliuliza, akijaribu kuizuia sauti isionyeshe furaha, kwa kuwa haikuwa furaha ya kuonyesha: "Kumbe na wewe umo kwenye manjano?"

"Manjano ipi?"

Akamweleza ramani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mimi sijaulizwa na mtu. Na nikiulizwa nitasema yuko salama. Mama yake haamki kitandani. Kila siku ya mapumziko namwambia kijana amepiga, nampa salamu, wakati mwingine nampa na vichekesho. Siku hizi vichekesho vimenikauka. Shati nalileta huku ili akiuliza, nimwambie limekwenda kunyooshwa, tunamwekea tayari. Sasa likitoka neno gazetini, hata rangi tupu, hakosi jirani wa kuja kumpa pole."

"Hakosi," alikubali Dobi, akimfikiria msusi.

"Usinitaje, mama."

"Nitakutaja kwa nani? Hapa wewe ni kumi na moja."

Tangu siku hiyo Fundi hakuharakisha kuondoka. Alikaa kwenye kigoda, pasi ikipita na kurudi, na wawili hao walizungumza habari za hali ya hewa za nchi mbili ambazo hawakuwahi kuziona. Kule kwa binti kulikuwa kumeanza baridi. Kule kwa kijana kulikuwa hakuna mvua, kamwe. Fundi alikuwa na saa mbili mkononi, moja ya hapa na moja ya kule, na Dobi alizoea kumuuliza sasa hivi kijana yuko saa ngapi. Wakati mwingine alimpa Fundi kichekesho cha kupeleka nyumbani. Wakati mwingine hakuna aliyesema kitu, na huo ndio wakati alioupenda zaidi.

Muda si mrefu Asilimia akapiga simu. Gazeti lilikuwa linaandaa toleo maalumu, la kufunga hesabu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala kidogo.

"Mama, shikamoo. Samahani kukusumbua. Katika kata yenu, unamjua mtu mwingine yeyote? Hata mmoja. Nataka safari hii iwe kamili, asibaki mtu."

Dobi aliweka pasi wima. Alitaka kusema. Hesabu ikiongezeka, labda wangesogea kuelekea waridi. Labda wizara ingeandika barua ya pili. Labda Fundi naye angetafutiwa wake na watu wenye vyeo. Mambo hayo yote yalipita kichwani mwake, na yalikuwa ya kweli.

"Namjua," alisema.

"Nani, mama?"

"Hajaridhia."

Kwenye simu zilisikika kelele za chumba cha habari.

"Sawa, mama," alisema Asilimia. "Huo ndio utaratibu."

"Ni utaratibu mzuri," Dobi alisema, na hakuupenda hata kidogo. Kisha akauliza lile ambalo alikuwa ameshika simu kwa ajili yake tangu mwanzo. "Na la kwangu je? Kuna jibu?"

"Niliwapigia wizara jana. Wamesema taarifa ya kata wameipokea na suala linashughulikiwa." Akasita. "Wanawatafuta wote wanne."

Toleo maalumu lilitoka kwenye karatasi nzito kuliko ya kawaida. Fundi alilikuta juu ya meza ya pasi, akavaa miwani na kumsomea Dobi kwa sauti, maana mikono yake ilikuwa ndani ya maji. Alisoma kisanduku chote, hadi saini. Nyuma ya kila namba kuna mtu, na kila mtu amehesabiwa.

"Wameandika vizuri," alisema Fundi.

"Wanajua kuandika," alisema Dobi.

Jumla iliyokuwa kwenye kichwa cha habari ilikuwa ileile ya ramani ya kwanza. Fundi alilikunja gazeti, akalirudisha lilipokuwa, akauliza kama shati liko tayari.